Msikiti Upi?



Mwezi uliopita darasa la kati lilikuwa linajifunza kuelekeza njia. Nenda moja kwa moja, kata kushoto, vuka barabara, pinda kulia. Mwishoni nikawaambia kila mtoto aandike anwani ya bibi au babu yake. Mmoja aliandika Mombasa, mwingine Zanzibar, mwingine Bukavu, mwingine Muscat. Mtoto mmoja akaniletea karatasi tupu. Nilipomwuliza akasema, "Mwalimu, bibi yangu hana anwani. Mama anasema ukifika unauliza tu."

Darasa zima likacheka. Mimi nilimwambia yuko sahihi, maana na mimi nilikulia kwenye nyumba ya kuuliza tu. Kisha nikakumbuka jambo ambalo sijawahi kuwasimulia, na ndilo ninalowaandikia leo. Wazazi, wasomeeni wadogo taratibu. Wakubwa wasome wenyewe.

Kwetu ni Tandale, Dar es Salaam. Nilipoondoka mwaka 2003, njia ya kwenda kwetu ilikuwa hivi: unashuka kwenye daladala kwa Mtogole, unaingia ndani, ukifika msikitini unakata kushoto, unapita mashine ya kusaga, unauliza kwa fundi cherehani. Fundi akikuona tu anajua unakwenda kwa nani.

Usiku mmoja wa mwaka 2010 mama alinibipu. Hakuwa na salio. Nilikuwa ndio kwanza nimerudi kazini, hapa Uingereza. Nikampigia, akaniambia baba kifua kimembana na anahema kwa shida. Mdogo wangu alikuwa safarini. Mimi ni muuguzi, nikajua hili si la kusubiri asubuhi. Nilikuwa na namba ya dereva wa teksi aliyewahi kunipeleka uwanja wa ndege, nikampigia. Alikubali, Mungu ambariki, lakini hakuwa anajua kwetu. Nikamwelekeza kwa simu: "Ukifika msikitini, kata kushoto."

Akafika msikitini, akakata kushoto, akapotea.

Wasomaji wangu, msikiti ule haukuwa wangu. Katika ile miaka saba niliyokuwa huku, msikiti mwingine ulikuwa umejengwa karibu zaidi na barabara. Dereva alifika kwenye ule mpya, akafuata nilivyomwambia, akaishia upande wa mtoni ambako gari halipiti. Ananiambia, "Dada, niko msikitini, hakuna mashine ya kusaga hapa." Mimi namwambia ipo, tazama vizuri. Tulibishana hivyo hadi vijana wa jirani walipotoka na tochi wakamtafuta. Zilipita kama dakika 40. Baba alifika hospitali akiwa hai, akafariki kabla ya alfajiri.

Sisemi dakika zile ndizo zilizomwondoa. Nimeona wagonjwa wa moyo wengi, wengine tuko nao chumbani na bado wanatutoka. Lakini ramani niliyompa dereva ilikuwa ya kichwani mwangu, na ilikuwa ya mwaka 2003. Hilo nalijua, na nimeishi nalo.

Juma lililofuata nilirudi kwenye kazi yangu ya kuwatembelea wagonjwa majumbani. Kila asubuhi napewa orodha ya majina na postikodi. Postikodi moja ya hapa huwa na wastani wa nyumba 15 hivi, kwa hiyo ukiiandika kwenye simu unafikishwa karibu na mlango, hata kama hujawahi kukanyaga mtaa huo maishani. Nilikaa ndani ya gari nikajiuliza: mgonjwa wangu wa leo, mzee nisiyemjua, nitamfikia baada ya dakika kumi. Baba yangu nilishindwa kumfikisha mtu mlangoni kwake. Tofauti ni nini?

Sikuwa na jibu. Mimi niliishia kidato cha nne, kisha nikasomea uuguzi. Kompyuta nimejifunzia kazini. Jibu nililipata mwaka 2017, mfanyakazi mwenzangu aliponialika kwenye jioni ya kuchora ramani. Watu wa kujitolea wanakaa ukumbini na kompyuta zao, wanatazama picha zilizopigwa na satelaiti, wanachora barabara na nyumba za mahali ambapo ramani zake ni pungufu. Kazi hiyo hufanywa kwenye ramani huru ya dunia iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa hapa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza kitu au kurekebisha. Pale ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza habari za Mfumo wa Taarifa za Kijiografia, ambao wataalamu huuita GIS kwa kifupi. Nitawaeleza nilivyouelewa mimi, kwa lugha ya darasani kwetu.

Jambo la kwanza ni mahali. Kila sehemu ya dunia ina namba mbili. Latitudo inasema uko kaskazini au kusini ya ikweta, na kwa kiasi gani. Longitudo inasema uko mashariki au magharibi ya mstari unaopita Greenwich, hapa London, ambapo wengine mmeshapelekwa na shule zenu za kawaida. Tandale iko karibu na latitudo -6.79 na longitudo 39.24. Alama ya kutoa mbele ya 6 maana yake ni kusini ya ikweta. Ukiisahau, kompyuta haitakuuliza mara mbili: itakupeleka kwenye milima ya kusini mwa Ethiopia, kama kilomita 1,500 kutoka kwetu. Kwa hiyo watoto, walimu wa hesabu wakiwasumbua kuhusu alama ya kutoa, wasikilizeni.

Namba hizo huongezewa tarakimu ili kupata mahali penyewe. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Ukiweka tarakimu mbili baada ya nukta, unakuwa na uhakika wa kama kilomita moja, yaani mtaa. Ukiweka nne unafika kwenye mita 11 hivi, yaani nyumba. Ukiweka tano unafika kwenye mita moja, yaani mlango. Simu zenu hupata namba hizo kwa kusikiliza satelaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu. Simu inahitaji kusikia angalau nne kwa wakati mmoja ili ijue iko wapi. Penye uwazi hukosea kwa mita chache tu. Katikati ya majengo marefu hukosea zaidi.

Jambo la pili ni maelezo. Namba peke yake ni nukta tu. Sisi wauguzi tunajua: kitanda namba sita si kitu mpaka uwe na faili la anayelala pale. Kwenye GIS kila kitu kilichochorwa kina faili lake. Kisima huchorwa kama nukta, na faili lake linasema kina maji baridi au ya chumvi, kinafanya kazi au kimeharibika, kilikaguliwa lini. Njia huchorwa kama mstari, na faili linasema gari linapita au ni ya miguu tu. Nyumba au shamba huchorwa kama umbo lililofungwa. Lile la "gari linapita au halipiti" lingemfaa sana dereva wangu.

Jambo la tatu ni matabaka. Chukueni karatasi za kupitishia mchoro, zile zinazoonyesha kilicho chini. Karatasi moja chora mito. Ya pili chora nyumba. Ya tatu chora zahanati. Sasa zipange juu ya nyingine, pembe kwa pembe. Mara unaona nyumba zipi ziko kando ya mto na zahanati ipi iko mbali na watu. Kompyuta hufanya hivyo hivyo, ila yenyewe inaweza kuwa na karatasi mia na haichoki. Karatasi zinalingana kwa sababu zote zimetumia zile namba mbili.

Jambo la nne, ambalo ndilo linalotofautisha GIS na picha ya ukutani, ni swali. Ramani ya ukutani unaitazama tu. Hii unaiuliza: nionyeshe nyumba zote zilizo ndani ya mita 50 kutoka mtoni. Kati ya hizo, zipi hazina njia ya gari? Kutoka kila moja, zahanati ya karibu iko umbali gani kwa miguu? Inakujibu.

Nilifurahi kusikia kwamba mfumo huu una mkono wa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Roger Tomlinson, Mwingereza aliyehamia Kanada, alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya upigaji picha za angani. Walitakiwa kutafuta sehemu zinazofaa kupanda misitu nchini Kenya. Ilibidi walinganishe ramani nyingi kwa mkono: udongo, mvua, mwinuko, barabara. Walipopiga hesabu, gharama ikawa kubwa mno. Tomlinson akaanza kufikiria namna ya kuifanya kompyuta ipange zile karatasi. Baadaye serikali ya Kanada ikampa kazi ya kujenga mfumo kama huo kwa ardhi yake, na leo wengi humwita baba wa GIS.

Lakini wazo lenyewe la kuweka matabaka na kuuliza swali ni la zamani kuliko kompyuta, na sisi wauguzi tunalijua kupitia kipindupindu. Mwishoni mwa Agosti 1854 ugonjwa huo ulilipuka Soho, katikati ya London. Zaidi ya watu 600 walikufa. Wakati huo wengi waliamini unaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow aliamini unaletwa na maji. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani amekufa na walichota maji wapi. Vifo vingi vilizunguka pampu moja ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uling'olewa watu wasichote tena. Wakati huo vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua, kwani wengi walikuwa wamekimbia mtaa. Baadaye Snow akachora ramani yake: kila aliyekufa akawekewa mstari mdogo mweusi kwenye nyumba yake, na pampu zote zikaonyeshwa. Hata leo ukiitazama unaona mistari imejazana wapi.

Kilichonivutia zaidi ni wale ambao hawakufuata mkumbo. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe, kilichokuwa karibu kabisa na pampu, walisalimika, maana walikunywa pombe ya hapo kazini na maji ya kisima cha kiwanda. Mama mmoja mjane aliyekuwa akiishi mbali, Hampstead, alikufa, kwa sababu alipenda ladha ya maji ya Broad Street na alikuwa akiletewa. Nukta moja iliyo mbali na wenzake haifutwi. Inaulizwa: wewe umefikaje huko?

Mtaa huo sasa unaitwa Broadwick Street na kuna pampu ya kumbukumbu, haina mpini. Wakati wa likizo nitawapeleka darasa la wakubwa. Na msidhani hayo ni mambo ya kale. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015, swali lilikuwa lile lile la Snow: wagonjwa wanatoka wapi, na wanakunywa maji ya wapi? Huwezi kulijibu vizuri kama mtaa wenyewe hauko kwenye ramani.

Sasa nirudi kwenye ile jioni ya 2017. Aliyekuwa akitufundisha aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Tandale, nikaongeza kwamba hakuna kitu huko, naomba nianze kuichora. Akaifungua. Ilikuwa imejaa. Vichochoro, visima, vyoo, maduka, misikiti. Akanieleza kwamba mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wenyewe waliizunguka Tandale kwa miguu, wakiwa na vifaa vya GPS na karatasi, wakaandika walichokiona. Na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliendelea kata baada ya kata, hasa zile zinazopata mafuriko, ili ijulikane mifereji iko wapi na maji hufika wapi.

Mwaka 2011. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Nilitoka nje ya ukumbi kidogo, nikarudi.

Nikafuata njia kwa kidole kwenye kioo. Misikiti yote miwili ipo. Kutoka ule wa zamani, kushoto, mashine ya kusaga. Kisha nikaona kosa. Nyumba yetu na ya jirani zilikuwa zimechorwa kama umbo moja, maana kutoka angani mabati yamegusana. Nikampigia mdogo wangu palepale, kule usiku umeshaingia. Akacheka, lakini akatoka na tochi akanihesabia hatua: nyumba yetu hatua 11, ya jirani 9, katikati kuna upenyo wa kupita mtu mmoja kiubavu. Nikaligawa lile umbo mara mbili. Upenyo ule ndio tuliokuwa tukipita kwenda kuchota maji.

Hapo nilijifunza kitu ambacho ningependa nyinyi mkishike. Picha ya satelaiti inaona mabati. Haijui mlango uko upande gani, haijui kisima kimekauka, haijui jina la mtaa. Hayo anayajua mkazi. Kwa hiyo ramani nzuri ina watu wawili: wa mbali anayechora na wa karibu anayesahihisha. Na ramani yoyote, hata ya kompyuta, ina tarehe yake. Kabla ya kuiamini, uliza ilichorwa lini. Mimi sikujiuliza.

Kuna la kuangalia pia. Majengo, njia na visima ni mambo ya wazi, lakini nani anaishi wapi, anaumwa nini, namba yake ya simu ni ipi, hayo hayawekwi kwenye ramani ya watu wote. Kazini kwangu anwani ya mgonjwa ni siri kama ugonjwa wake. Hata Snow alichora mistari tu, hakuandika majina. Watoto, msiweke nyumba zenu wala shule zenu mtandaoni kwa majina yenu bila kuwauliza wazazi.

Mwaka 2022 serikali ya Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na mitaa ikawekewa vibao. Mama alinipigia akiwa na furaha: "Mwanangu, nimewekewa namba mlangoni, sasa na mimi niko kama nyinyi wa Ulaya." Nikamwuliza ni namba ngapi. Akasema, "Sijui, miwani iko ndani. Wewe wakija waambie waulize pale kwenye mwembe."

Mwembe ule ulikatwa nikiwa darasa la nne.

Sikumsahihisha. Mwembe hauko kwenye ramani yoyote ya satelaiti, lakini kwa mama bado ni mahali, na kila mtu wa rika lake anajua ni wapi. Fundi cherehani naye ameshafariki. Mambo hayo yasipoandikwa na sisi, hakuna kamera ya angani itakayoyaona.

Kwa hiyo hii ndiyo kazi ya nyumbani ya mwezi huu, na wazazi naomba mshiriki. Mpigieni simu bibi, babu, au mjomba aliye mbali. Msalimieni kwanza, shikamoo na habari za siku nyingi, msikimbilie kazi. Kisha mwulizeni: "Nikishuka kwenye gari, nafikaje kwako?" Andikeni kwa Kiswahili, kwa maneno yake, hata kama kuna mwembe uliokatwa. Mwulizeni pia kitu gani kimebadilika tangu mama au baba alipoondoka. Halafu mfungue ramani pamoja na mzazi, mtafute mahali hapo, mwandike latitudo na longitudo kwa tarakimu nne, na msisahau alama ya kutoa. Palipokosewa tutaangalia darasani, na tukihakikisha na mwenyeji, tutapasahihisha pamoja. Karatasi zenye namba za nyumba zitabaki kwenye faili langu, hazitabandikwa ukutani.

Yule mtoto wa karatasi tupu ameshaanza. Jumamosi iliyopita aliniletea ukurasa mzima ulioandikwa kwa kalamu ya risasi, kuanzia stendi hadi mlangoni kwa bibi yake. Kuna msikiti ndani yake. Pembeni amechora mshale na kuandika: "Ule wa zamani, si mpya. Nimeuliza."

Tuonane Jumamosi, saa nne kamili. Njooni na kalamu.

Mwalimu wenu wa darasa la kati